Karatasi ya Kupona

Ihanda, 11 Septemba 2023

Kwako Nesi Tabita,

Bahasha yako nimeipata kwa mkono wa Lwitiko wa bodaboda. Ndani nimekuta fomu ya kurasa nne, kalamu, na fulana ya rangi ya waridi iliyoandikwa SHUJAA kifuani. Kalamu ninaitumia sasa hivi. Fulana nashikia sufuria.

Swali lako la kwanza linasema, kuanzia sifuri hadi kumi, najisikiaje kuhusu mwili wangu. Mwanangu, nilikwenda hospitali na matiti mawili nikarudi na moja. Hesabu hiyo haifiki kumi hata uipindeje. Aliyetunga swali hili alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri, na nadhani alikuwa amekunywa chai.

Swali la saba unauliza kama uhusiano wangu na familia umeboreka tangu nimalize matibabu. Hapo nimecheka mpaka mshono ukanivuta. Ngoja nikujibu, maana nafasi mliyoacha inatosha maneno sita tu.

Nilikuwa hospitalini mwaka mzima, Mbeya halafu Dar es Salaam kwenye mionzi. Nyuma yangu ndugu wa marehemu mume wangu wakakaa kikao wakanigawana. Nilikuwa bado napumua, lakini nani awasubirishe watu wenye haraka? Wifi yangu alichukua vitenge vyangu vyote, na siku ya kunipokea alikuja amevaa kimojawapo. Akanikumbatia nacho, akalia juu ya bega langu. Shemeji yangu Ezron, katibu wa kanisa letu, mtu anayesali kwa macho wazi ili aone nani hajafumba, aliichukua mibuni yangu mia tatu na arobaini akampa mwanawe Sebastian aliyeoa. Sebastian simlaumu sana. Hana akili ya kudhulumu peke yake.

Mibuni hiyo niliipanda na mume wangu mwaka aliozaliwa binti yetu Rozi, na ndiyo kitu pekee nitakachomwachia. Nimeidai. Ezron amesema ukoo haumpi shamba mgonjwa, na kila nitakapoonekana nakwenda kliniki watahesabu kwamba bado ni mgonjwa. Nikileta karatasi ya hospitali yenye muhuri inayosema yamekwisha, nitarudishiwa siku hiyohiyo. Kahawa inaanza kuiva Juni. Ikichumwa na Sebastian msimu wa pili, wataita ni yake na hakuna atakayebisha.

Kwa hiyo weka fomu pembeni uandike: Enesi amepona. Maneno mawili, halafu muhuri.

Wala usipige simu. Namba mliyo nayo ni ya Ezron, nilimwandikisha kama ndugu wa karibu siku nina homa. Anaweka sauti ya juu na ukoo wote unasikiliza.

Enesi, Mama Rozi


Tunduma, 15 Septemba 2023

Mama Rozi, shikamoo.

Asante kwa kushiriki nasi hisia zako. Kila mmoja ana namna yake ya kupita katika safari ya uponaji, na hasira ni sehemu ya kawaida ya safari hiyo. Kazi ya dawati letu ni kumshika mkono mtu aliyetoka hospitali mpaka arudi kwenye maisha yake, kwa hiyo usijione uko peke yako.

Kuhusu karatasi, samahani sana Mama. Kwa ugonjwa wa saratani sisi hatuandiki "amepona". Tunaandika "hana dalili za ugonjwa kwa sasa", na hilo naweza kukuandikia leo. Neno lile lingine halina mtu wa kulisema kabla ya miaka kupita, hata daktari bingwa.

Cha muhimu ni kliniki. Tarehe zako ni 14 Novemba, 13 Februari na 14 Mei. Daktari atakagua mshono, kwapa na titi lililobaki. Tafadhali zingatia kwamba kwa utaratibu wetu, asiyehudhuria mara tatu mfululizo faili lake hufungwa na hutumiwa barua ya kumjulisha hivyo. Naomba tusifike huko.

Kikundi chetu cha Mashujaa kinakutana Mpemba kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Karibu sana.

Wako katika huduma,
Tabita Bugalama, Muuguzi, Dawati la Ufuatiliaji


Ihanda, 2 Oktoba 2023

Kwa Muuguzi Tabita Bugalama,

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni Ezron, katibu wa kanisa na msemaji wa ukoo wa marehemu mume wa Enesi. Nakuandikia kwa upendo. Shemeji yetu amekuwa na maneno makali tangu arudi, na sisi tunayachukulia kuwa ni dawa. Ukoo umenituma niulize jambo moja lisilohitaji elimu kubwa: amepona au hajapona?

Najua wewe ni binti mdogo na pengine hujapewa madaraka ya kujibu. Kama ni hivyo, mpe mkubwa wako barua hii.

Ezron, Katibu


Tunduma, 6 Oktoba 2023

Kwa Bwana Ezron,

Barua yako nimeipata. Habari za mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Sizitoi kwako, wala kwa ukoo, wala kwa kanisa. Mkubwa wangu amesoma barua yako na amesema nikujibu mimi.

T. Bugalama, Muuguzi


Ihanda, 10 Oktoba 2023

Nesi Tabita,

Hongera. Jibu lako kwa Ezron limesomwa kikaoni Jumamosi kwa sauti ya kutangaza matanga. Alipofika mwisho akavua miwani akasema, "Mmesikia wenyewe. Angekuwa mzima, nesi angesema mzima. Hapo kanyamaza, tujue." Wakaitikia wote, hata bibi yao asiyesikia. Nilikuwa nimekaa pale pale na wakanizungumzia kama jiko.

Ulijiona umenilinda. Najua, nyie mmefundishwa. Lakini ungemwandikia hata tusi angalau wangekuwa na kitu kingine cha kujadili.

Hilo la "hana dalili kwa sasa" usinitumie. Hivyo ndivyo polisi wanavyomsema mwizi ambaye hawajamkamata. Na kwenye kikundi chako sitakuja. Nilishawaona mashujaa hao pale Mpemba, wamekaa duara na zile fulana, kila mmoja anasubiri mwenzake amalize kulia ili aanze yeye. Wakimaliza wanapewa soda.

Barua yako ya Septemba nimeisoma mara nne. Ina mistari ishirini na mitano, na mmoja tu una faida.

Enesi


Tunduma, 17 Novemba 2023

Mama Rozi, shikamoo.

Jumanne nilikusubiri mpaka saa kumi. Niliweka kadi yako juu ya mafungu yote ili usikae foleni. Kama tatizo ni nauli niambie, kama ni mkono umevimba niambie pia, kuna mazoezi yake. Nisamehe kwa ile barua ya shemeji yako. Sikufikiri ingetumika vile.

Tafadhali usikose Februari.

Tabita


Ihanda, 15 Februari 2024

Nesi Tabita,

Juzi sikuja. Nilikuwa na palizi ya mahindi, na mahindi hayajui tarehe zenu.

Huna haja ya kumtuma Lwitiko kila wiki aniulize naendeleaje. Ananiuliza mbele ya watu wa mashine ya kusaga, kwa sauti ya mtu anayeuza samaki. Ezron ameshamuuliza bahasha hizi zinatoka wapi, na yule naye kwa kupenda kusema akataja Tunduma. Nimewaambia ni shule ya Rozi.

Kuna mwanamke hapa jirani, simtaji jina. Ameona kitu kwapani, upande aliowahi kufanyiwa upasuaji. Kidogo, kama punje ya kahawa iliyokauka, na hakiumi. Anauliza kinaweza kusubiri mpaka Juni? Jibu kwa maneno ya kawaida, hana muda wa safari ya uponaji.

Enesi


Tunduma, 16 Februari 2024

Mama Rozi,

Mwambie huyo mwanamke hapana, kisisubiri hata Machi. Hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi. Aje siku yoyote, si lazima Jumanne, aulize Tabita na nitamwingiza mimi mwenyewe kwa daktari.

Na kama huyo mwanamke ni wewe, Mama, nakuomba sana acha michezo. Nimewaona waliosubiri.

Tabita


Tunduma, 9 Machi 2024

Mama Rozi,

Jana nilipanda pikipiki ya ofisi nikaja Ihanda. Nilikuja kwa sababu hukujibu na sikuweza kulala nalo. Nilikukuta uani na wanawake watatu, nikakuamkia kwa heshima, ukanitazama kama hujaniona tangu uzaliwe. Ukawaambia wale mama, nikiwa nimesimama palepale, kwamba mimi ni mchuuzi wa mikorogo ya kujichubua kutoka Nakonde, na ukaniambia nipeleke sumu yangu kwa vichaa wenzangu. Mmoja akaniuliza ninayo ya kuondoa madoa.

Nilikuwa na sare ndani ya koti. Ningeweza kulifungua. Sikufungua, kwa ajili yako.

Nimesomea kazi hii miaka minne, na nina wagonjwa mia moja na sitini kwenye daftari kuanzia Momba mpaka Galula. Wapo wanaotembea siku nzima kunifuata. Sitakuja tena kubembeleza mtu anayenitupia maneno ya sokoni. Tarehe yako ya mwisho ni 14 Mei, nawe unajua kusoma.

T. Bugalama


Tunduma, 17 Mei 2024

Kwa: Bi. Enesi, Kijiji cha Ihanda, Wilaya ya Mbozi
Yah: KUFUNGWA KWA FAILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunakujulisha kwamba faili lako katika Dawati la Ufuatiliaji limefungwa rasmi kuanzia tarehe ya barua hii. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako katika kipindi chote cha matibabu na tunakutakia maisha mema.

T. Bugalama
Kny. Mkuu wa Dawati
(MUHURI)


Ihanda, 3 Juni 2024

Nesi Tabita,

Imefika. Nilikuwa naisubiri tangu Septemba, tangu uliponitishia nayo. Nikajiuliza, huyu binti ananitisha na kitu ninachokitafuta? Karatasi ya hospitali, muhuri, faili limefungwa, tunakutakia maisha mema. Na wala haisemi kwa nini. Ndiyo maana sikukanyaga huko mara zote tatu, na ndiyo maana siku ile ulikuwa mchuuzi wa mikorogo. Wale wanawake watatu mmoja ni mke wa Ezron. Ungefungua koti, miezi yangu yote ingekwenda na maji.

Jana Jumapili baada ya ibada wakakaa kikao. Sikusema nimepona, na mtu asije akaniita mwongo. Nilimpa Ezron bahasha asome mwenyewe, maana anapenda kusoma. Alisoma "limefungwa rasmi", akarudia "rasmi", akaugeuza muhuri kwenye mwanga kama anakagua noti. Akatafuta pa kutokea hakupaona. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema karatasi. Bibi yao asiyesikia akapiga vigelegele kwa kuona midomo ya watu. Wifi akalia tena, safari hii kwa kitenge changu cha pili.

Wameandika muhtasari kwamba mibuni yote mia tatu na arobaini ni yangu, na nina ruhusa ya kumrithisha nimpendaye. Katibu aliyeandika ni Ezron, kwa mwandiko wake mzuri wa kanisani. Mtendaji wa kijiji amegonga muhuri. Leo asubuhi nimerudi kwa mtendaji nikaandikisha jina la Rozi. Sebastian amekuja kunisalimia shambani akaniuliza kama ninahitaji wachumaji. Nimemwambia awe wa kwanza kwenye foleni.

Sasa fungua hilo faili.

Yule mwanamke ni mimi, kama ulivyojua. Februari kilikuwa punje. Sasa kimekuwa kama buni mbichi na maganda yake, na kuna kingine nyuma yake. Usinihutubie. Nilijua ninachofanya. Ningekuja Februari, ningekuwa mgonjwa, na mgonjwa hapa hana shamba, ana watu wa kumgawana tu. Wangengoja nife kwa utulivu na Rozi angebaki na picha yangu.

Enesi


Tunduma, 5 Juni 2024

Mama Rozi, shikamoo.

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa.

Faili nimelifungua jana ileile. Njoo Jumanne tarehe 11, gari la kwanza. Daktari atachukua kinyama kidogo kwa sindano kipelekwe Mbeya, na majibu ni wiki mbili.

Barua ile ya kufunga faili tunaitumia kwa watu waliopotea. Ukifuata utaratibu, kabla ya kuituma muuguzi anatakiwa kumtafuta mgonjwa mara moja ya mwisho, ana kwa ana. Sikukutafuta. Nilikuwa bado na hasira ya mikorogo. Wenzangu wakaniambia nisubiri wiki, nikasema huyu amechagua mwenyewe, nikaugonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikalia, na niliona raha. Nimekuwa nikijiambia mimi ni mtu wa huruma. Nilikudharau, Mama, nikaiita utaratibu.

Wewe ulikuwa unatutumia sisi, na sisi tulikuwa hatukuoni. Katika mistari yangu yote niliyokuandikia sikuwahi kukuuliza habari za mibuni hata mara moja. Uliniambia tangu barua ya kwanza kabisa kwamba ndiyo shida yako, na mimi nikakukaribisha kwenye kikundi.

Ningeweza kwenda kwa mtendaji. Ningeweza kuja kikaoni na sare yangu nikawaeleza kwamba mtu aliyemaliza matibabu si marehemu. Hakuna aliyenikataza. Haikuwa kwenye fomu.

Njoo Jumanne.

Tabita


Ihanda, 22 Juni 2024

Tabita,

Barua zote za kujuta zinafanana, kwa hiyo yako sitaijibu kwa marefu. Ulikosea, mimi nilikutukana mbele ya watu, tumelipana.

Ezron aliniona nashuka kwenye gari tarehe 11 na plasta kwapani. Kesho yake akaja nyumbani bila hata hodi, eti nimeudanganya ukoo, eti muhtasari ufutwe. Nikamletea nakala nikamwonyesha sahihi yake chini. Nikamwuliza ni ya nani ile, akasema yake. Nikamwuliza karatasi ya hospitali aliisoma nani, akasema yeye. Nikamwambia basi aende akajishtaki. Akakaa kwenye kiti changu akasema jambo la ajabu. Akasema, "Shemeji, lakini si ungetuambia tu kwamba unaumwa." Mtu mzima, katibu, na alisema kwa moyo wake wote. Kwa mtu kama yule utaanzia wapi?

Kahawa imeiva vizuri. Wachumaji wako kumi na wawili, na Sebastian anachuma mbichi pamoja na nyekundu kama nilivyotarajia. Rozi amekuja likizo. Anajua mibuni ni yake, na tangu ajue anaitembelea asubuhi kabla hajanawa uso. Hajui habari ya kwapa. Nitamwambia Jumatano, nikiwa na la kusema.

Jumanne tarehe 25 nitakuja kwa gari la kwanza kusikia majibu. Yule daktari wenu wa tarehe 11 alikuwa anazungumza na karatasi, mimi hakunitazama, na alipouliza nimekuja na nani nikasema nimekuja na miguu yangu. Ilikuwa uongo. Miguu ilikuwa imebaki Ihanda, haikutaka kuja.

Usinipe fomu siku hiyo. Usiniite shujaa, wala usinishike mkono kwa namna ile mnayofundishwa. Ninaogopa, Tabita. Miezi yote hii nilikuwa nashughulika na Ezron, sikuwa na nafasi ya kuogopa, na sasa Ezron amekwisha. Nimeliandika mara moja na sitalirudia nikifika.

Daktari akianza kusoma, vuta kiti ukae upande wangu. Usiseme kitu. Kaa tu mpaka amalize.

Enesi